Mageuzi ya mahakama za kijeshi: Uganda, Kenya, Afrika Kusini na Kongo zikipimwa pamoja

Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda, ikiongozwa na Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo, iliamua kwamba raia hawezi kushtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na kwamba mahakama hizo, kwa jinsi zilivyoundwa, hazina uhuru ambao Katiba inaudai kwa kila chombo kinachoamua haki ya mtu. Shauri lilikuwa limeanzishwa na Michael Kabaziguruka, aliyekuwa mbunge wa Nakawa, ambaye alikamatwa mwaka 2016 na kufikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi ilhali hajawahi kuwa askari. Haikupita nusu mwaka, Bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya jeshi tarehe 20 Mei 2025, na Rais Yoweri Museveni akayatia saini mwezi Juni. Marekebisho hayo yanaboresha baadhi ya mambo yaliyolalamikiwa, lakini yanaacha mlango ambao raia anaweza kupitishwa tena kuelekea mahakama ya kijeshi katika mazingira yanayoitwa ya kipekee.

Mjadala uliozuka Kampala hauishii Kampala. Mbunge aliyeletewa muswada, wakili anayeandaa maoni ya chama chake, mtetezi wa haki za binadamu, hata mzazi ambaye mwanawe anashikiliwa katika mahabusu ya kambi, wote wanahitaji kujua kuna njia gani za kupanga haki ndani ya jeshi na kila njia inagharimu nini. Nchi zetu nyingi zilianzia mahali pamoja. Zilirithi sheria za majeshi ya kikoloni, King's African Rifles kwa upande wa Waingereza na Force Publique kwa upande wa Wabelgiji, na katika urithi ule wa Waingereza kamanda ndiye aliyekuwa mlalamikaji, msimamizi wa mashtaka na mteuzi wa waamuzi. Tanzania ilitunga Sheria yake ya Ulinzi wa Taifa mwaka 1966, miaka 2 baada ya maasi ya Januari 1964. Kenya iliandika sheria mpya mwaka 2012, Afrika Kusini mwaka 1999, Kongo mwaka 2002. Kila nchi ilibomoa sehemu yake ya urithi huo na kuacha nyingine imesimama.

Ninavyoona, mfumo wowote unapaswa kupimwa kwa maswali matatu: ni nani anaamua kwamba mtu ashtakiwe, ni nani anaweza kumhamisha au kumpandisha cheo yule anayehukumu, na rufaa inaishia wapi. Sare ya mwamuzi ina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Afisa mwanasheria ambaye hakuna mkubwa wa kumgusa anaweza kutoa haki kuliko hakimu wa kiraia anayesubiri mkataba wake uongezwe na wizara.

Raia mbele ya mahakama ya kijeshi

Katika jambo hili ulinganisho ni mwepesi, na sioni sababu ya kuurefusha kwa ajili ya kuonekana sina upande. Miongozo ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kuhusu haki ya kusikilizwa kwa usawa, iliyotolewa mwaka 2003, inasema mahakama za kijeshi zishughulikie makosa ya kijeshi tu yaliyotendwa na wanajeshi, na zisiwe na mamlaka juu ya raia. Kanuni zilizoandaliwa na Emmanuel Decaux na kuwasilishwa Umoja wa Mataifa mwaka 2006 zinaelekea huko huko.

Uganda imejaribu njia ya kinyume kwa muda mrefu. Novemba 2005 Kizza Besigye, mgombea wa upinzani, alishtakiwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi pamoja na kushtakiwa katika mahakama ya kawaida kwa madai yanayofanana. Chama cha wanasheria kilikwenda Mahakama ya Katiba na kushinda mwaka 2006, kisha Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2009, lakini mashtaka ya raia hayakukoma, kwa sababu sheria ya jeshi ya mwaka 2005 ilikuwa na kifungu kinachomfanya raia awe chini ya sheria hiyo akikutwa na silaha au vifaa ambavyo kwa kawaida ni vya jeshi, au akisaidia askari kutenda kosa. Kifungu cha namna hiyo huonekana cha busara kinaposomwa Bungeni. Kinapotumika, anayeamua kama bastola iliyokamatwa ni "ya jeshi" ni yule yule anayeshtaki. Novemba 2024 Besigye huyo huyo alichukuliwa Nairobi na siku chache baadaye akaonekana kizimbani katika Mahakama Kuu ya Kijeshi iliyoko Makindye, Kampala, miaka 19 baada ya mara ya kwanza. Wakili wa utetezi katika kesi hiyo akahukumiwa na mahakama hiyo kifungo cha miezi 9 kwa kosa la kuidharau.

Watetezi wa kifungu hicho wana hoja ambayo si ya kupuuzwa: katika maeneo kama Karamoja bunduki za kivita zimekuwa mikononi mwa watu wa kawaida kwa miaka mingi, na mahakama za kawaida zilikuwa mbali. Lakini tiba ya mahakama kuwa mbali ni kuisogeza mahakama. Kumpeleka mfugaji mbele ya maafisa wa kikosi kilichomkamata ni kesi ya nyani kumpa ngedere aihukumu, na hakuna utaratibu wa ndani utakaomfanya mfugaji huyo aamini kwamba alisikilizwa.

Kenya haina ugumu huo kwa kiwango hicho. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 169, inazitaja mahakama za kijeshi miongoni mwa mahakama za chini za nchi, na sheria ya mwaka 2012 imewalenga wanajeshi wenyewe. Kwa anayechagua, tofauti hii ni kubwa kuliko inavyosikika: mahakama ya kijeshi ya Kenya ni tawi la chini la mahakama za nchi, na Mahakama Kuu iko juu yake kama ilivyo juu ya hakimu wa wilaya.

Walioketi mezani

Hapa ndipo mifumo inapoachana kweli, na hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia.

Chini ya sheria ya mwaka 2005, Mahakama Kuu ya Kijeshi ya Uganda ilikuwa na watu 7: mwenyekiti wa cheo kisichopungua Luteni Kanali, maafisa wakuu 2, maafisa wa ngazi ya chini 2, kamisaa wa siasa 1 na askari 1 asiye afisa. Waliteuliwa na Kamandi Kuu ya jeshi kwa kipindi cha mwaka 1. Alikuwepo mwanasheria wa kuwashauri juu ya sheria, lakini uamuzi ulikuwa wao. Mtu asiyelijua jeshi anaweza kudhani kasoro kubwa ilikuwa kukosa elimu ya sheria. Mimi naona kasoro kubwa ilikuwa ule mwaka 1. Afisa anayejua kwamba baada ya miezi 12 atarudi kikosini, na kwamba atakayempangia kazi ni mmoja wa walioketi kwenye Kamandi iliyomteua, hahitaji kupigiwa simu na mtu yeyote ili ajue hukumu gani itawafurahisha wakubwa. Na kamisaa wa siasa, ambaye kazi yake jeshini ni kulinda msimamo wa kisiasa wa askari, anaketije kama mwamuzi katika kesi ya uhaini ya kiongozi wa upinzani?

Marekebisho ya mwaka 2025 yamegusa hili kwa kiasi. Wanaoongoza mahakama hizo sasa wanatakiwa kuwa wanasheria, na katika mahakama ya juu ya kijeshi wawe na sifa za kumwezesha mtu kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Ni hatua mbele, na asiyetaka kuikiri hafanyi uadilifu. Hata hivyo mkono wa Kamandi Kuu bado umo katika uteuzi. Elimu ya sheria humsaidia mwamuzi kuijua haki, lakini haimpi kinga dhidi ya anayeweza kumwondoa.

Kenya ilichagua njia nyingine mwaka 2012. Mahakama ya kijeshi inaongozwa na mwanasheria anayeteuliwa na Jaji Mkuu wa nchi, ambaye ni hakimu au wakili mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua 10. Anaketi pamoja na maafisa wa jeshi wasiopungua 5 kama mshtakiwa ni afisa, au wasiopungua 3 katika kesi nyingine. Faida ya mpango huu inaonekana pale pingamizi la kisheria linapotolewa, kwa mfano kwamba maungamo yalichukuliwa kwa vitisho, au kwamba hati ya mashtaka ina kasoro: anayeamua ni mtu ambaye mshahara wake, cheo chake na kesho yake havimo mikononi mwa jeshi. Wakati huo huo, maafisa walio pembeni yake wanaelewa mambo ambayo hakimu wa mjini hawezi kuyaelewa kwa kusoma jalada, kama vile tofauti ya askari aliyelala zamu akiwa amekesha siku mbili mfululizo mpakani na yule aliyelala kwa uzembe.

Udhaifu wa mfumo wa Kenya ni kwamba maafisa hao, ambao ndio wengi mezani, bado ni wanajeshi walio chini ya amri. Mwaka 2014 mahakama ya kijeshi mjini Mombasa iliwahukumu kifungo cha maisha waliokuwa askari wa jeshi la majini kwa kutoroka jeshini, baada ya watu hao kwenda kufanya kazi za ulinzi za kampuni za kigeni nje ya nchi, kazi zenye malipo makubwa kuliko mshahara wa kambini. Kifungo cha maisha kwa kosa la kuacha kazi wakati nchi haijashambuliwa ni adhabu ambayo raia yeyote ingemshtua. Jeshi liliiona kama onyo linalohitajika. Mfano huu unaonyesha kwamba kumweka hakimu wa kiraia juu ya meza hakuondoi mtazamo wa jeshi katika adhabu, na ndiyo maana rufaa ya nje, nitakayoigusa baadaye, haiwezi kutenganishwa na muundo wa meza yenyewe.

Afrika Kusini ilifuata njia ya tatu. Mwaka 1999, baada ya mahakama ya kiraia kuona kwamba mahakama za kijeshi za zamani hazikuwa na uhuru uliotakiwa na Katiba mpya, Bunge liliondoa utaratibu wa kamanda kuitisha jopo la maafisa kwa kila kesi na kuunda mahakama za kudumu zenye majaji wa kijeshi. Hao ni maafisa, lakini ni maafisa wenye shahada ya sheria na uzoefu wa kazi hiyo, wanaohukumu kesi nyingi peke yao, na mshtakiwa akitaka anaweza kuomba wawepo wazee wa baraza wa kijeshi wa kukaa na jaji. Makosa madogo ya nidhamu yanabaki kwa mkuu wa kikosi. Jambo ninalolipenda zaidi katika sheria hiyo liko katika sentensi moja tu: mwanajeshi akituhumiwa kwa mauaji, uhaini au ubakaji uliofanyika ndani ya Afrika Kusini, kesi yake inakwenda mahakama ya kiraia. Kosa kama hilo likitendwa nje ya nchi, mahakama ya kijeshi inaweza kulisikiliza, kwa sababu mahakama ya Pretoria haiwezi kwa urahisi kumfuata askari wa kulinda amani mashariki mwa Kongo.

Mgawanyo huo wa ndani na nje ya nchi unafaa kufikiriwa sana na nchi zetu zenye vikosi Somalia, Kongo na Afrika ya Kati. Agosti 2021 askari wa Uganda waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika waliwaua raia 7 huko Golweyn, kusini mwa Somalia. Mahakama ya kijeshi ya Uganda ilikaa Somalia kwenyewe, na mnamo Novemba mwaka huo huo iliwatia hatiani askari 5. Uganda inahitaji kukosolewa kwa mengi katika eneo hili, lakini jamaa wa waliouawa walipata kuiona kesi katika nchi yao, na jambo hilo lisingewezekana kirahisi kama kila shauri lingelazimika kusubiri Kampala.

Ulaya inatoa mfano wa mwisho, ambao nitaupitia kwa haraka. Ujerumani, kwa kukumbuka yaliyotendwa na mahakama za kijeshi za utawala wa Hitler, haina mahakama ya kijeshi ya jinai wakati wa amani. Askari anayeiba au kuua anahukumiwa na mahakama ya kawaida, na makosa yanayotendwa na askari wakiwa nje ya nchi yamekabidhiwa kwa waendesha mashtaka na mahakama ya mji wa Kempten tangu mwaka 2013. Ufaransa iliondoa mahakama zake za kijeshi za wakati wa amani mwaka 1982. Uholanzi inatumia chumba cha kijeshi ndani ya mahakama ya kiraia, chenye mahakimu 2 wa kiraia na mwanajeshi 1. Mifumo hii ni mizuri mahali ambapo polisi wa kiraia anaingia kambini bila kuzuiwa langoni, na ambapo hakimu wa kawaida anamaliza kesi kwa muda unaoeleweka. Kuinakili bila vitu hivyo viwili ni kuandika sheria ya karatasini.

Anayeshika jalada la mashtaka

Watu wengi wanaobishana juu ya mahakama za kijeshi huanzia kwa jaji na kusahau kwamba kesi nyingi mbaya huharibika kabla jaji hajaiona. Kama kamanda ndiye anayeamua kushtaki au kutoshtaki, basi askari aliyembaka mwenzake katika kikosi ambacho kamanda huyo anasubiri kupandishwa cheo kwa sifa zake nzuri anaweza asishtakiwe kamwe, na mahakama nzuri kuliko zote duniani haitakuwa na la kufanya.

Uingereza ilijifunza hili kwa kushindwa mahakamani. Katika shauri la Findlay, lililoamuliwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwezi Februari 1997, afisa aliyeitisha mahakama ndiye aliyeamua mashtaka, akateua wajumbe wa jopo ambao wote walikuwa chini yake kwa cheo, akamteua mwendesha mashtaka, na hukumu haikuwa na nguvu mpaka yeye aithibitishe. Ulaya ikasema mtu wa namna hiyo hawezi kusemwa kuwa ametenganishwa na upande wa mashtaka. Afisa yule wa kuitisha aliondolewa, na sheria ya mwaka 2006 ikaunda mahakama moja ya kudumu kwa matawi yote ya majeshi. Msomaji wa Afrika Mashariki asome maelezo ya shauri hilo kwa makini, kwa maana huo ndio utaratibu ambao Waingereza walituachia.

Marekani ilichelewa zaidi. Seneta Kirsten Gillibrand alianza mwaka 2013 kudai kwamba kamanda aondolewe katika uamuzi wa kushtaki makosa ya ngono, na wakuu wa majeshi wakapinga kwa hoja kwamba kamanda asiyeweza kushtaki hawezi kutiiwa. Aprili 2020 askari Vanessa Guillén, aliyekuwa amewaambia ndugu zake kwamba ananyanyaswa kingono, aliuawa katika kambi ya Fort Hood huko Texas, na hasira iliyofuata ikafanya kile ambacho hoja zilishindwa kufanya kwa miaka. Sheria ikapitishwa mwishoni mwa mwaka 2021, na tangu tarehe 28 Desemba 2023 mauaji, ubakaji, ukatili wa majumbani na makosa mengine mazito yanaamuliwa na ofisi ya waendesha mashtaka maalumu wasio chini ya makamanda wa vikosi. Makosa mengine bado yako kwa kamanda.

Korea Kusini ilikwenda hatua moja zaidi. Baada ya sajenti mwanamke wa jeshi la anga kujiua mwaka 2021, kufuatia kushambuliwa kingono na kushinikizwa kambini anyamaze, sheria ilibadilishwa na kuanzia tarehe 1 Julai 2022 kesi za makosa ya ngono na za vifo vinavyotokana na uhalifu zikahamishiwa mahakama za kiraia, na mahakama ya kijeshi ya ngazi ya rufaa ikafutwa.

Kati ya njia hizi mbili, naiona ya Korea Kusini kuwa salama zaidi kwa nchi ndogo. Ofisi maalumu ya Marekani inahitaji mamia ya wanasheria wa kijeshi na bajeti ya kuwatenga na makamanda. Kwetu, mwendesha mashtaka "huru" wa kijeshi anaweza kuwa kapteni mmoja anayekula katika bwalo moja na kanali anayetuhumiwa. Kupeleka jalada kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kunagharimu kidogo, na tayari ofisi hiyo ina matawi mikoani na kaunti.

Kongo, ambako hali ni tofauti

Sheria mbili za mwezi Novemba 2002 ziliunda upya mahakama za kijeshi za Kongo na makosa yake, na Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 156, ikasema mahakama hizo ni za wanajeshi na polisi. Ukisoma hapo ukaacha, utadhani Kongo iliimaliza kazi mapema kuliko Uganda. Lakini sheria za mwaka 2002 zinawavuta pia raia wanaotumia silaha za kivita, na utawala wa dharura wa kijeshi uliotangazwa Mei 2021 huko Ituri na Kivu Kaskazini ulizipa mahakama za kijeshi kesi za jinai za raia wa kawaida katika mikoa yenye watu mamilioni.

Hata hivyo mtu wa Bukavu au Uvira ana sababu ya kutozichukia mahakama hizi kama anavyozichukia mtu wa Kampala. Siku ya mwaka mpya wa 2011 askari wa serikali walivamia mji wa Fizi na kubaka wanawake kwa makumi. Chini ya miezi miwili baadaye mahakama ya kijeshi inayohamahama ilikaa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, karibu na mahali palipotendeka uovu. Wanawake walitoa ushahidi wao, na tarehe 21 Februari kamanda wa kikosi hicho, Luteni Kanali, akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Kwa Kivu Kusini ya wakati ule, kumwona afisa wa cheo hicho akivuliwa hadhi yake mbele ya watu aliowatisha lilikuwa jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Desemba 2017, katika kesi ya Kavumu, mahakama ya kijeshi ilimhukumu mbunge wa mkoa na wanamgambo wake kifungo cha maisha kwa ubakaji wa watoto wa kike wapatao 40. Mbunge huyo alikuwa raia. Kwa kanuni niliyoitetea hapo juu asingepaswa kuwa mbele ya mahakama hiyo, na sitaki kuificha tofauti hiyo: mahakama ya kiraia ilikuwepo, lakini kwa miaka mingi watoto walipokuwa wakiibwa usiku haikufanya kitu, mpaka upande wa kijeshi ulipolichukua jalada.

Upande wa pili wa Kongo ni Minova. Novemba 2012 wanajeshi waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Goma walibaka na kupora katika mji huo, na watu 39 wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya operesheni, yaani ya eneo la mapigano. Mwezi Mei 2014, katika kesi iliyokuwa na waathirika wa ubakaji zaidi ya 70, askari 2 tu wa ngazi ya chini walitiwa hatiani kwa ubakaji. Na kwa kuwa hukumu za mahakama ya operesheni hazikatiwi rufaa, waathirika na washtakiwa wote walibaki bila pa kwenda. Kuna pia kanuni ya cheo: anayehukumu lazima awe na cheo kisichopungua cha mshtakiwa, maana yake ni kwamba jenerali anaweza kukaa bila kushtakiwa kwa sababu tu majenerali wanasheria hawatoshi kuunda jopo.

Tangu Aprili 2013 sheria ya Kongo imezipa mahakama za rufaa za kiraia mamlaka ya kusikiliza makosa ya kivita na makosa dhidi ya ubinadamu. Njia hiyo ndiyo ya kuimarishwa, kwa kuzipa mahakama hizo magari, ulinzi na fedha za kuhamahama ambazo upande wa kijeshi umekuwa ukipata kwa msaada wa wafadhili. Umuhimu wake umeongezeka tangu serikali iliporuhusu tena utekelezaji wa hukumu ya kifo mwezi Machi 2024. Tarehe 30 Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Kijeshi ya Kinshasa ilimhukumu kifo rais wa zamani Joseph Kabila bila yeye kuwepo. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu Kabila na bado akaona kwamba hukumu ya uzito huo inahitaji chombo ambacho hata wafuasi wake wangeshindwa kukiita mkono wa aliye madarakani.

Rufaa

Kotido, Uganda, mwezi Machi 2002: askari wawili walituhumiwa kumuua padri wa Ireland na wenzake wawili. Mahakama ya kijeshi ya uwanja wa vita ilikaa kwa muda usiofika saa 3, ikawatia hatiani, na siku hiyo hiyo wakapigwa risasi hadharani. Hakukuwa na vita Kotido siku hiyo ya kuzuia rufaa ya wiki mbili.

Kenya inaipeleka rufaa Mahakama Kuu ya kiraia, na hilo ndilo jambo bora kabisa katika sheria yake. Afrika Kusini ina mahakama yake ya rufaa ya kijeshi, lakini inaongozwa na jaji wa Mahakama Kuu. Kongo inatamka katika Katiba kwamba hata wakati wa dharura haki ya rufaa haiondolewi, kisha inaiacha mahakama ya operesheni iendelee bila rufaa. Kwa anayechagua, sheria yoyote isiyoruhusu hukumu ya kijeshi kuchunguzwa na jaji wa kiraia ikataliwe hata kama vifungu vyake vingine vyote vinapendeza.

Nini cha kuchagua

Kwa nchi ambayo mahakama zake za kiraia zinafika wilayani, kama Kenya, Tanzania na sehemu kubwa ya Uganda, napendekeza mchanganyiko ufuatao: raia asishtakiwe jeshini kwa sababu yoyote, mauaji, ubakaji na uhaini uliofanyika ndani ya nchi uende kwa Mkurugenzi wa Mashtaka na mahakama za kawaida, kama Afrika Kusini, makosa ya kijeshi hasa, yaani kutoroka jeshini, kukaidi amri, maasi, kulala zamu na kupoteza silaha, yabaki kwenye mahakama ya kijeshi inayoongozwa na mwanasheria aliyeteuliwa na Jaji Mkuu, kama Kenya, ila awe na kipindi maalumu ambacho hakifupishwi, na makosa yaliyotendwa na vikosi vilivyo nje ya nchi yasikilizwe na mahakama hiyo hiyo, huko huko yalikotendeka.

Mbunge anayeogopa kwamba nidhamu italegea aangalie orodha hiyo tena. Kila kosa linalogusa utii wa askari kwa mkubwa wake limebaki ndani ya jeshi, na mkuu wa kikosi bado anaweza kutoa adhabu ndogo asubuhi ile ile kosa lilipotokea. Kilichotoka ni yale makosa ambayo mwenye kuumizwa ni mtu mwingine, awe mwanakijiji, mke, mpita njia au askari mwenzake.

Kwa mashariki mwa Kongo ningechagua taratibu zaidi. Kufuta mamlaka ya mahakama za kijeshi kwa siku moja kungewaacha watu wa Fizi na Kavumu bila mahakama yoyote kwa miaka. Kinachowezekana sasa ni kufuta mahakama ya operesheni, kuondoa sharti la cheo kwa waamuzi, kuweka mahakimu wa kiraia wawe wengi katika kila jopo linalosikiliza makosa dhidi ya ubinadamu, na kuhamishia kesi hizo mahakama za rufaa mkoa kwa mkoa kadiri uwezo unavyopatikana.

Kifungu kimoja husahaulika katika miswada mingi, nacho ni cha kesi zilizokwisha kuanza. Baada ya uamuzi wa tarehe 31 Januari 2025, Besigye aliendelea kushikiliwa katika gereza la Luzira, akagoma kula, na alifikishwa mahakama ya kiraia ya Nakawa tarehe 21 Februari. Huyo ni mtu ambaye dunia nzima ilikuwa ikimtazama. Kwa wasiojulikana, ambao majalada yao yako kwenye makabati ya kambi mbalimbali, sheria itaje idadi ya siku ambazo kila jalada la raia lazima liwe limefika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, itaje ofisa anayewajibika kulipeleka, na iseme wazi kwamba siku hizo zikipita bila jalada kufika, mtu huyo anaachiwa kwa dhamana na hakimu aliye karibu.